Vichekesho vya sinema bubu: tunavyovidhania

Filamu hizi za kale zisizo na sauti husingiziwa mengi. "Zilikuwa kimya." Kimya cha wapi! Ukumbini palikuwa na mpiga piano, pengine okestra nzima. Japani alikuwapo na benshi, msimulizi aliyekaa kando ya skrini akiwasemea waigizaji.

"Watu walikuwa wakitimka kama kuku." Hili ndilo linaloniudhi zaidi. Kamera ilizungushwa kwa mkono, mara nyingi picha 16 hadi 20 kwa sekunde. Sauti ilipoingia mwishoni mwa miaka ya 1920, mwendo ukawekwa picha 24. Sasa chukua mkanda wa picha 16 uupitishe kwenye mashine ya 24: tendo la sekunde tatu linakwisha kwa mbili. Kweli, wachekeshaji wenyewe walipenda kuchezea mwendo. Lakini mtazame Buster Keaton kwenye Steamboat Bill, Jr. ya 1928. Ukuta mzima wa mbele wa nyumba unamwangukia, naye amesimama wima, na uwazi wa dirisha la juu unampitia kichwani mpaka miguuni. Hapo hakuna mbio zozote. Kinachochekesha ni huko kusimama.

"Zilizopotea hazikuwa na maana." Ripoti ya Maktaba ya Bunge la Marekani ya mwaka 2013 ilikuta kwamba katika karibu filamu ndefu 11,000 za enzi hiyo nchini humo, asilimia 14 tu ndizo zilizobaki katika umbo lake la awali. Ubora haukuwa na usemi hapo. Mikanda ya naitreti, plastiki ya filamu za wakati huo, ilishika moto upesi, mingine ilioza, mingine iliyeyushwa ili kupata madini ya fedha. Moto wa 1943 nyumbani kwa mchekeshaji Harold Lloyd uliteketeza filamu zake nyingi za mwanzo.

Na kinachopatikana hubadilisha hata kichekesho tulichodhani tunakijua. Ile vita ya kurushiana pai ya wachekeshaji wawili Laurel na Hardy katika The Battle of the Century (1927) ilijulikana kwa vipande tu, hadi mkanda wake wa pili kati ya miwili ulipopatikana mzima mwaka 2015. Kwenye vipande unaona fujo. Kwenye mkanda mzima unaona hesabu: Hardy anatega ganda la ndizi, anayeteleza ni mchukuzi wa pai, mchukuzi analipiza, pai inayofuata inamkosa mlengwa na kumpata mpita njia. Huyo naye anafuta uso taratibu, anakwenda kuchukua pai yake.