Helmeti iliyopasuka kwa ndani

Kila ninapofundisha watu kuendesha baiskeli hubeba helmeti moja kuukuu. Ukiitazama kwa nje utasema ni nzima, imechubuka rangi kidogo tu upande wa kulia. Lakini nikiigeuza na kubandua vile vitambaa laini vya ndani, unaona ufa uliotoka karibu na sikio ukaenda hadi kisogoni, na pale povu lilipobonyea ncha ya kidole gumba inaingia. Aliyeivaa alikuwa mwanafunzi wangu, na wala hakuwa kwenye kasi. Alisimama juu ya mwamba, mguu mmoja kwenye pedali, akitafuta pa kukanyaga kwa mguu wa pili, baiskeli ikamlalia upande wa bondeni. Aliinuka mwenyewe, akajipangusa vumbi, akauliza kama baiskeli imeumia.

Naanza na kuanguka huko kwa sababu ndiko watu wasikokuogopa. Katika miaka yangu ya kufundisha baiskeli za milimani, utetezi ninaousikia zaidi ni kwamba "leo naenda polepole tu." Hebu tupige hesabu. Kichwa kinachoanguka kutoka mita 1.5 hufika ardhini kwa kasi ya kilomita 19.5 kwa saa, hata kama baiskeli ilikuwa imesimama kabisa. Mwendo wa mbele unaongeza kubiringika, michubuko na hatari ya kuvamia mti, lakini kimo chako peke yake kinatosha kupasua fuvu juu ya jiwe. Ndiyo maana EN 1078, kiwango cha Ulaya cha helmeti za baiskeli, huijaribu helmeti kwa kuiangusha juu ya chuma bapa kwa kasi hiyohiyo, mita 5.42 kwa sekunde. Kiwango cha lazima cha Marekani, cha CPSC, tume ya usalama wa bidhaa, kilichoanza kutumika Machi 1999, huiangusha kutoka mita 2.

Wazoefu nao wana utetezi wao, kwamba njia wanaijua. Nawakumbusha Andrei Kivilev, mwendeshaji wa kulipwa wa mbio za barabarani, aliyeanguka katika mbio za Paris–Nice za Ufaransa mwezi Machi 2003 bila helmeti na kufariki kwa majeraha ya kichwa. Mwaka huohuo shirikisho la kimataifa la baiskeli, UCI, likaifanya helmeti kuwa lazima katika mbio za barabarani za wanaolipwa. Yeye alikuwa kwenye lami. Sisi tunapita kwenye mawe, mizizi na udongo unaohama kila mvua inaponyesha.

Sasa, helmeti inafanya kazi gani hasa? Wengi hudhani ugumu wa gamba la nje ndio unaookoa. Gamba linasaidia kichwa kiteleze na kuzuia jiwe lenye ncha lisipenye, lakini kazi kubwa inafanywa na povu la polisterini lililo chini yake, ndugu wa lile linalozungushiwa televisheni mpya kwenye boksi. Likigongwa, vichembe vyake vyenye hewa husagika, na katika kusagika huko kichwa kinapata milimita kadhaa za kupunguza mwendo badala ya kusimama ghafla. Ukiuzima mwendo uleule katika nafasi iliyo kubwa mara kumi, nguvu inayokifikia kichwa hupungua mara kumi. Vichembe vikishasagika havirudi. Helmeti iliyokwisha kupokea pigo la nguvu imemaliza kazi yake, hata kama nje inang'aa, na huwa nasikitika kuona mtu akimrithisha mdogo wake helmeti ya namna hiyo kwa nia njema.

Lipo pia suala la mzunguko. Milimani ni nadra kichwa kugonga wima kama kwenye mashine ya maabara. Tunarushwa na kuanguka kimshazari, kichwa kinagusa ardhi na kuzungushwa papo hapo, na mzunguko huo huvuta na kukata nyuzi laini za ubongo. Stockholm, Sweden, kuanzia 1996, daktari wa upasuaji wa ubongo Hans von Holst na mtafiti Peter Halldin wa chuo kikuu cha KTH walilishughulikia tatizo hili, na matunda yake ndiyo MIPS: tabaka jembamba ndani ya helmeti linaloteleza milimita 10 hadi 15 ili sehemu ya mzunguko ipotelee hapo. Jaribio la EN 1078 nililolitaja halipimi mzunguko. Kwa hiyo nikichagua helmeti sitosheki na alama ya kiwango peke yake. Naangalia pia orodha ya nyota ya Virginia Tech, chuo kikuu cha Marekani, wanaopima mapigo ya mshazari na ambao tangu 2018 wanatangaza matokeo ya helmeti za baiskeli kwa yeyote.

Uchambuzi wa watafiti Olivier na Creighton, uliojumlisha tafiti 40 na majeruhi zaidi ya 64,000 wa baiskeli za kila namna, ulikuta kwamba helmeti inapunguza uwezekano wa jeraha kubwa la kichwa kwa asilimia 69. Kwa uso ni asilimia 33 tu. Nusu yake hata haifiki, na sababu unaiona ukisimama mbele ya kioo: helmeti ya kawaida inaacha pua, meno na taya wazi. Ukianza kuruka au kushuka miteremko mikali, vaa ile inayofunika uso mzima, yenye upinde wa kidevu. Tafuta alama ya ASTM F1952, kiwango cha helmeti za mteremko, kwa sababu kinaupima na upinde wenyewe.

Helmeti nzuri iliyovaliwa vibaya inaruka kichwani kabla hujafika chini. Ukingo wa mbele uwe upana wa vidole viwili juu ya nyusi, si kisogoni kama kofia ya kutembelea. Mikanda ikutane chini kidogo ya sikio. Ukishafunga kidevuni, piga mwayo: helmeti isipokuvuta utosini, mkanda umelegea. Kisha jaribu kuisukuma kwa kiganja kutoka mbele kwenda nyuma. Ngozi ya paji la uso lazima iende nayo. Nikiwapanga wanafunzi kwenye mstari na kuwajaribu hivi, ni wachache wanaopita mara ya kwanza.

Vifaa vingine ninavichagua kwa kukumbuka jinsi mtu anavyoanguka. Goti hutangulia mara nyingi, kwa hiyo pedi za magoti ndizo ninazozisisitiza baada ya helmeti. Siku hizi zipo za povu ambalo ni laini unapokanyaga na hukaza linapogongwa, huzisikii hata ukipanda mlima. Glavu zinaokoa ngozi ya viganja na kukupa mshiko wa breki, lakini hazizuii mkono kuvunjika. Ukiangukia kiganja na ukahisi maumivu kwenye kile kishimo kilicho chini ya kidole gumba, nenda kapigwe picha, kwani mfupa wa skafoidi ulioko hapo hupata damu kidogo na ukipuuzwa unaweza usiunge. Miwani ni kwa matawi na changarawe. Kinga ya mgongo na viwiko naiacha kwa siku za miteremko mikali.

Yule mwanafunzi aliniuliza habari za baiskeli mara tatu ndani ya dakika tano, na kila mara kana kwamba ndiyo ya kwanza. Hapo nikajua ubongo umetikisika. Helmeti ilimwokolea fuvu, lakini hakuna inayoweza kuuzuia ubongo usitikisike kabisa. Nilimvua helmeti, nikamketisha kivulini, kisha tukashuka kwa miguu taratibu, mimi nikizikokota baiskeli zote mbili, hadi kwa daktari. Kwa majuma kadhaa hakupanda, maana pigo la pili juu ya ubongo ambao haujapona ndilo ninaloliogopa kuliko lote. Aliporudi alikuwa na helmeti mpya, na ile ya zamani akaniachia niwaonyeshe wengine.