Je, wajua kwa nini fuwele za kaboni na naitrojeni hukuzwa ndani ya chumvi iliyoyeyuka?

Ukipasha moto unga mweupe wa melamini hadi nyuzi joto 550 hivi za Selsiasi, hugeuka njano. Molekuli zake hushikana huku zikitoa gesi ya amonia, na kinachobaki ni kaboni nitridi, yaani atomi za kaboni na naitrojeni zilizojipanga tabaka juu ya tabaka. Mkemia Mjerumani Justus von Liebig alieleza dutu ya jamii hii tangu mwaka 1834.

Shida ni kwamba tabaka hizo hukaa ovyo, si kwa mpangilio nadhifu unaojirudia kama wa fuwele. Poda yenyewe haiyeyuki, na ukiizidishia moto huvunjika. Molekuli iliyojishikiza vibaya imenasa hapo hapo, kama tofali lililowekwa kombo kwenye saruji iliyokwisha kukauka.

Hapo ndipo chumvi inapoingia. Kuna chumvi mbili: lithiamu kloridi huyeyuka kwenye nyuzi 605, potasiamu kloridi kwenye 770. Lakini zichanganye kwa uwiano wa takriban 6 kwa 4 kwa idadi ya molekuli, zote huyeyuka pamoja kwenye nyuzi 353 tu! Kwenye joto la 550, ambako maji yalishageuka mvuke zamani na pombe isingesalimika, unapata kimiminika kitulivu kilichojaa ioni, yaani atomi zenye chaji ya umeme. Ndani yake vipande vya kaboni nitridi huyeyuka na kutembea. Chombo kikiwa kimefungwa kabisa, amonia haitoroki, hivyo vifungo vilivyokosewa huweza kuachia na kufungwa upya. Baadaye chumvi huoshwa kwa maji, zikabaki fuwele ndogo mno zenye pande sita.

Ila haiondoki yote, na mimi hapa ndipo ninapovutiwa zaidi. Mwaka 2008 watafiti nchini Ujerumani walipotangaza njia hii, walidhani wamepata kaboni nitridi tupu. Uchunguzi wa mwaka 2011 ukaonyesha picha tofauti: pete za atomi sita, kaboni na naitrojeni kwa zamu, zimeunganishwa na naitrojeni yenye haidrojeni, na katika matundu ya tabaka zimo ioni za lithiamu na kloridi. Kumbe chumvi ilikuwa sehemu ya jengo.

Mpangilio huo una faida kubwa. Fuwele hizi, zikipakwa chembechembe za metali zinazosaidia mmenyuko, hutumia mwanga kutenganisha maji kuwa haidrojeni na oksijeni, na kazi kubwa hufanyika kwenye kuta zake za ubavuni, mahali kingo za tabaka zinapokutana na maji.