Minara Isikatwe Vichwa

Mama mmoja aliniletea chapa, yaani nakala iliyochapishwa, ya mchoro wa Canaletto wa kanisa la Westminster Abbey, London, niitie fremu. Aliiagiza mtandaoni, ndefu kama benchi, ili ijae juu ya kochi la watu wanne. "Fundi, mbona hili kanisa halina vichwa?" Kweli, mchapishaji aliipunguza juu na chini, minara yote miwili ikabaki visiki.

Mchoro wenyewe ni karibu mraba, kama mita moja kila upande. Canaletto, mwenyeji wa Venice aliyekuwa London miaka hiyo, aliuchora mwaka 1749. Watunukiwa wa nishani ya Bath, heshima ya kifalme ya Uingereza iliyoanzishwa na Mfalme George I mwaka 1725, wanatoka Westminster Abbey kwa msafara, majoho mekundu. Aliyeuagiza ni mkuu wa kanisa hilo, Joseph Wilcocks, nami naamini aliitaka zaidi ile minara ya magharibi kuliko hao wakubwa. Aliyechora ramani ya minara hiyo, Nicholas Hawksmoor, alifariki 1736. Minara ikakamilika 1745. Mchoroni mawe bado meupe pe! Ukiikata minara, umempiga picha bibi harusi ukabakiza gauni.

Ukisimama hatua nne utaona utepe mwekundu unaojipinda chini ya ukuta mweupe. Sogea karibu: kila mtu ni vidoa vichache tu vya rangi, kichwa tone, joho mkwaruzo. Ndiyo maana chapa ndogo siipendi. Chini ya nusu mita, msafara unageuka safu ya siafu.

Kwa umbo lake, itafutie ukuta mwembamba, kati ya milango miwili au mwisho wa korido. Msafara uko sehemu ya chini ya picha, kwa hiyo sebuleni usiitundike juu mno. Macho ya aliyeketi yako kama sm 115 kutoka sakafuni, na wageni wako hawaji kutazama mawingu. Fremu iwe nyembamba, mbao nyeusi au dhahabu iliyofifia, maana nakshi za kanisa zinatosha. Dirisha likitazamana nayo, chukua kioo kisichoakisi, la sivyo utaona pazia lako badala ya London. Na mito ya kochi, tafadhali, mmoja mwekundu unatosha.

Yule mama tulimpatia chapa nyingine, nzima. Iko mwisho wa korido yake. Juu ya kochi akaweka kioo cha kujitazama.