Ukuta Mrefu na Geti la Chuma: Dhana Potofu Kuhusu Usalama wa Skuli za Kikatoliki Zanzibar

Mzazi wa Unguja akimtafutia mwanawe nafasi katika skuli ya Kikatoliki, cha kwanza kukitazama ni ukuta. Awe Mkristo au Muislamu, na Waislamu wanaosomesha watoto wao huko ni wengi, ataangalia geti, atamsalimia mlinzi, atalipa ada na kurudi nyumbani moyo umetulia. Ni haki yake kutulia. Lakini baadhi ya mambo tunayoyaita usalama hayamsaidii mtoto, na mengine yanamtia hatarini.

"Hatari inatoka nje." Hofu hii haikuzuka tu. Tarehe 17 Februari 2013, Jumapili asubuhi, Padri Evarist Mushi aliuawa kwa risasi hapa Unguja alipokuwa akienda kuongoza misa. Tangu hapo, ukitaja usalama mbele ya wazazi, mawazo ya wengi hukimbilia silaha. Mlinzi ana kazi yake, wala sisemi aondolewe. Ila moto hauruki ukuta, gari ya skuli haizuiwi na geti, na mtu mzima mwenye nia mbaya mara nyingi ni yule anayefunguliwa mlango kwa heshima zote kwa kuwa kila mtu anamjua.

"Nondo madirishani na kufuli mlangoni ndiyo salama ya dahalia." Hii ndiyo inayonikosesha usingizi. Skuli ya Kikatoliki ya Our Lady of the Angels mjini Chicago, Marekani, iliungua tarehe 1 Disemba 1958. Walikufa wanafunzi 92 na masista 3. Moto ulianzia chini kabisa, penye ngazi. Ngazi zenyewe zilikuwa za mbao na hazikuwa na mlango wa kuzuia moshi huko juu, basi moshi ukapanda, ukajaa kwenye ushoroba wa ghorofa ya juu, na watoto wakabaki madarasani hawana pa kutokea ila madirishani, mbali na ardhi. King'ora cha skuli hakikuunganishwa na kituo cha zimamoto. Tena geti la chuma la uani lilikuwa limefungwa, wazimamoto wakapoteza muda kulivunja ili wapitishe ngazi zao. Jengo hilo lilikuwa limekaguliwa wiki chache tu kabla na halikuonekana na kosa, kwa sababu kanuni mpya za wakati ule hazikuyabana majengo ya zamani.

Hapa kwetu Afrika Mashariki mambo ni hayo hayo. Mwaka 1994, skuli ya sekondari ya wasichana Shauritanga, Kilimanjaro, iliwapoteza wanafunzi wapatao 40 kwa moto wa dahalia. Machi 2001 huko Kyanguli, Kenya, wavulana 67 waliteketea; mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na nondo.

Kwa hiyo ukipelekwa kuonyeshwa dahalia, usiishie kusifu vitanda na vyandarua. Nenda mlangoni ushike komeo. Unafunguka kwa kusukuma nje? Mlango wa pili uko wapi, na je, haukuzibwa na masanduku ya nguo? Kisha tazama dirisha. Nondo si lazima ziondolewe, maana wezi wapo, lakini fremu moja au mbili ziwe na bawaba na komeo la ndani ambalo mtoto wa darasa la tatu ataweza kulivuta gizani bila ufunguo. Fundi wa kuchomea anaweza kuzikata nondo zilizokwishawekwa akazitia bawaba. Ikiwa kufuli lipo na ufunguo anao matroni anayelala chumba cha mbali, basi mlango huo usiuhesabu. Na zoezi la kutoka nje lifanywe usiku pia, umeme ukiwa umezimwa, maana mchana kila mtoto anaijua njia. Kikosi cha Zimamoto na Uokozi kialikwe kije kuona na kufundisha.

"Padri na sista hawachunguzwi, na likitokea jambo Kanisa litalimaliza." Kanisa lenyewe halisemi hivyo. Mwaka 2019 Papa Fransisko alitoa hati ya Vos estis lux mundi, inayoitaka kila jimbo la Kanisa duniani liwe na njia iliyo wazi ya kupokea malalamiko, na inayomlazimisha padri au mtawa kutoa taarifa akijua au akishuku kwamba mtoto amedhalilishwa. Hati hiyo haifuti sheria za nchi. Hapa kwetu Sheria ya Mtoto Namba 6 ya 2011 inamlinda mtoto wa skuli ya Kanisa sawasawa na wa skuli ya Serikali. Kinachotuangusha ni muhali: huyu ni mwalimu wangu, yule katusaidia ada, tusiitie skuli aibu. Wazee wakikaa kulizungumza, ushahidi unapotea na mtoto anabaki palepale. Njia zipo: dawati la jinsia na watoto polisi, kituo cha Mkono kwa Mkono hospitalini, kinachowahudumia waliodhalilishwa, namba 116 ambayo kupiga ni bure. Mtoto apelekwe kabla hajaogeshwa na nguo zake hazijafuliwa.

"Watoto wa kike ndio wa kuchungwa." Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanywa mwaka 2009 ulikuta kwamba Zanzibar asilimia 6 ya wasichana na asilimia 9 ya wavulana walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Isome tena hesabu hiyo. Mtoto wa kiume akibakishwa peke yake na mtu mzima ofisini, mlango umefungwa, hilo ni la kuulizwa vilevile.

"Akija mjomba wake, mpeni." Mjomba yupi? Skuli iwe na daftari getini lenye majina ya wanaoruhusiwa kumchukua kila mtoto, na mlinzi apewe idhini ya kumkatalia hata mtu mzima mwenye hasira. Mzazi aliyechelewa apige simu kwa mwalimu.

"Kamera zimefungwa, tumemaliza." Kamera huonyesha yaliyokwishatokea, na pale umeme unapokatika haionyeshi hata hayo.

Halafu gari, ambayo haitajwi kabisa kwenye vikao vya wazazi. Mei 2017 basi dogo la skuli moja ya Arusha lilitumbukia korongoni Karatu, wakafa wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Muulize mwalimu mkuu gari ya mwanao ina viti vingapi na mikanda mingapi. Kisha asubuhi moja simama nje ya geti uwahesabu watoto wanaoshuka.