Maonyesho ya vifaa vya theluji hayafuati theluji

Hapa Mtwara, ambako barafu tunayoijua ni ile ya kuhifadhia samaki pale Feri, wengi hudhani kwamba maonyesho ya biashara ya vifaa vya kuteleza kwenye theluji hufanyika lazima mlimani. Sivyo. Kwa miaka mingi yale makubwa ya Marekani yalifanyika Las Vegas, mji wa jangwani, hadi yalipohamia Denver mwaka 2010, kwa kuwa mwenye duka anayekwenda kuagiza mali ya msimu ujao huhitaji kwanza uwanja mkubwa wa ndege, hoteli za kutosha na ukumbi unaoweza kumeza shehena za mabuti. Denver ina milima jirani, kweli, ila hiyo ni nyongeza. Hata Nanenane yetu ya kusini hufanyika Ngongo, Lindi, si katikati ya mikorosho ya Newala.