Kukaanga nyama hakuzibi maji yake

Jikoni kwingi hapa Mombasa utaambiwa: kabla ya kuiweka nyama ya ng'ombe kwenye jungu la umeme la kupika polepole, ikaange ili maji yake yazibwe ndani. Imani hii ilienezwa na mkemia Mjerumani Justus von Liebig mwaka 1847, na si sahihi.

Sikiliza pande la bega linapogusa mafuta ya moto. Ule mchachariko ni maji ya nyama yanayotoka na kugeuka mvuke. Ligeuze, uone utando wa kahawia: una nyufa na vitundu, na unyevu unaendelea kupenya. Hauzibi kitu.

Basi tuache kukaanga? La, hasha. Rangi ile ndiyo ladha yenyewe, na hutokea kwa haraka joto likifika kama nyuzi 140 za Selsiasi. Ndani ya jungu lenye mchuzi joto halipiti 100, kwa hiyo nyama isiyokaangwa itaiva ila itabaki na rangi hafifu na ladha iliyopoa.

Ulaini ni habari nyingine. Huletwa na saa nyingi za moto mdogo, kano zinapoyeyuka na kuupa mchuzi uzito. Ndiyo maana bega au mguu hufaa kuliko steki. Viazi na karoti vitangulie chini, maana huchelewa kuiva, na tafadhali usifunue funue kifuniko. Maji nusu kikombe yanatosha, kwani nyama na vitunguu vitatoa mengine.