Streptococcus suis: bakteria wa kooni anapofika ubongoni

Kitoto cha nguruwe kikianguka ubavu, kikapigapiga miguu na shingo ikapinda nyuma, wafugaji wengi wa Masaka au Mukono huwaza kwanza homa ya nguruwe ya Afrika. Wana haki ya kuogopa: virusi vyake havijaondoka Uganda na havina tiba. Lakini dalili hizo, hasa kwa kitoto kilichotoka kuachishwa kunyonya, huweza kuwa za Streptococcus suis, na huyu ni bakteria, anatibika.

Kuwa naye si kuugua. Nguruwe wengi wenye afya hukaa naye puani na kwenye tezi za koo. Kitoto humpata kwa mama yake kinapozaliwa au siku chache baadaye, na huenda asikidhuru kamwe. Hatari huongezeka kinga iliyotoka kwenye maziwa ya mama inapopungua, mara nyingi kati ya wiki ya 5 na ya 10. Bahati mbaya ndio wakati vitoto vya mama mbalimbali huchanganywa kwenye banda moja, tena lenye msongamano na hewa nzito.

Bakteria akipenya kuingia kwenye damu, kinachomwokoa ni gamba la sukari linalomzunguka, liitwalo kapsuli. Kwa kawaida chembe nyeupe za damu humeza bakteria. Huyu, kwa sababu ya gamba hilo, huziponyoka. Bakteria huyu hugawanywa katika aina kulingana na kapsuli yake. Kapsuli ya aina ya 2, ambayo ndiyo husumbua zaidi binadamu, ina asidi ya sialiki, sukari iliyopo pia juu ya chembe za mwili wenyewe. Baadhi ya aina hutoa pia sumu, suilisini, inayotoboa kuta za chembe.

Damu humsambaza. Kwenye viungo, magoti huvimba na mnyama huchechemea. Kwenye utando wa ubongo huleta homa ya uti wa mgongo, na hapo sehemu kubwa ya madhara hutokana na mwili wenyewe: uvimbe unaowaka kupambana na bakteria hubana ubongo. Vitoto vingine hufa ghafla kabla dalili haijaonekana. Sindano ya penisilini kutoka kwa daktari wa mifugo husaidia mara nyingi, lakini ikiwahi.

Binadamu naye huambukizwa, kupitia jeraha la mkononi wakati wa kuchinja au kwa kula nyama na damu mbichi. Mwaka 2005 mkoani Sichuan, China, watu 215 waliugua na 38 wakafa. Kwa hiyo mchinjaji mwenye kidonda afunike kidonda na avae glavu, na nguruwe aliyekufa kwa ugonjwa asiliwe. Nyama iliyoiva hadi ndani haina tatizo. Wanaopona homa ya uti wa mgongo ya bakteria huyu wengi hubaki viziwi, wengine maisha yao yote.